Toleo Jipya na Kliniki ya Kakesio

Siku mliyoniaga pale ofisini Karatu mliniomba niwaandikie namna mifumo yetu ilivyoanza, maana kati ya wale wa mwanzo nilikuwa nimebaki peke yangu. Niliwaahidi wiki mbili. Nimechukua miezi. Vyeo sitaviandika, na mshahara mnaujua wenyewe, ndio huo huo mnaoupata. Nitaandika kazi, kisha nitaandika jambo moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu.

Niliingia kama fundi wa redio. Mradi wetu wa kliniki za kutembea ulikuwa na magari mawili, friji ya chanjo ya gesi, na redio za kuzungumza na wauguzi waliokuwa Nainokanoka, Kakesio na kwingineko ndani ya hifadhi. Siku ya kwanza nilipandishwa juu ya bati kufunga antena. Mvua ikaanza, na kumbe wapaka rangi walikuwa wameshaondoka na ngazi. Nilikaa huko juu nikilowana mpaka saa ya chai, ndipo mtu mmoja akauliza, "Yule kijana wa Moshi yuko wapi?"

Aliyeuliza ni Mzee Ombay, mtunza rekodi, Mwiraqw wa kutoka Mbulu, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata Januari. Chumba chake kilijaa rejista za jalada gumu zilizopangwa kwa kata, na kila mtoto tuliyemchanja alikuwa na mstari wake humo. Nilipokuwa sina redio ya kutengeneza nilikuwa namsaidia, na kazi niliyokuja kuifanya maisha yangu yote nilijifunza kwake. Muuguzi akiandika jina lisilosomeka, Mzee Ombay hakubahatisha. Alingoja gari la kwenda huko, akapanda, akamtafuta mama wa mtoto na kumuuliza. Siku moja nilimwambia jina moja halistahili safari ya siku nzima. Akanitazama tu, halafu akasema, "Wewe unaona jina. Mimi naona mtoto." Akarudi kwenye rejista yake.

Alipostaafu, kompyuta zikaja, na kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa nyaya wakasema nazo ni zangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma usiku na mchana, nikaharibu mbili, ya tatu ikakubali. Baadaye vikaja vishikwambi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Ile programu ya kuandikisha watoto ina hifadhidata ndogo ndani yake. Haiko kwenye seva wala haihitaji mtandao. Ni faili moja tu lililomo humo humo ndani ya kishikwambi, na programu inalisoma na kuliandika yenyewe. Ndiyo maana muuguzi anaweza kufanya kazi Kakesio kusiko na mtandao hata wa kupiga simu, na akirudi Karatu data inapanda seva. Niliipenda mno teknolojia ile. Ilikuwa ndogo, imara, haina makuu.

Lakini ilikuwa nzito kwenye vishikwambi vyetu vya zamani. Muuguzi akimwandika mtoto, kiduara kinazunguka, kinazunguka, na akina mama wako kwenye foleni upepo unawapiga. Aliyelalamika kuliko wote alikuwa Felista, muuguzi wa njia ya Kakesio.

"Mzee Shirima," aliniambia, "hiki kiduara chako kinazunguka mpaka mtoto anamaliza kunyonya, analala, anaamka."

Felista alikuwa Mwiraqw aliyeolewa Mang'ola, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kimaasai alikijua kiasi cha kuwatania wazee wakacheka. Tulipoanza kutumia vishikwambi, mimi ndiye niliyeamua kwamba rejista za karatasi ziishe, kwa sababu kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Wengine walizirudisha kwa furaha. Felista aliishika ya kwake.

"Niachie hii moja tu, Mzee. Siyo ya ofisi, ni ya kwangu."

"Dada Felista, ukianza wewe na wengine watataka. Mfumo ni mmoja."

Nikaichukua mikononi mwake. Nakumbuka ilikuwa imefunikwa kwa gazeti, kama madaftari ya shule.

Kisha likatoka toleo jipya la ile hifadhidata. Nililisubiri kama watu wanavyosubiri mvua. Maelezo yake yalikuwa kurasa tisa, na nilizisoma zote kwenye kiti cha nje nikinywa chai. Sasa ungeweza kumtafuta mtoto hata jina likikosewa herufi, na mnajua majina ya Kimaasai tunavyoyaandika kila mtu na mtindo wake. Faili lingejipunguza lenyewe likijaa. Nakala ya akiba ingechukuliwa bila kufunga programu. Yote yalikuwa mazuri na yote yalifanya kazi.

Na kulikuwa na jingine, kuandika kwa mafungu. Zamani kila mtoto aliandikwa kwenye faili hapo hapo, ndiyo maana ya kile kiduara. Kwa njia mpya, watoto wangewekwa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, halafu wakifika idadi fulani, au muuguzi akifunga programu, wanaandikwa kwenye faili kwa mkupuo. Kasi ilikuwa ya ajabu. Mwisho wa aya ile palikuwa na sentensi moja: kwa vifaa vinavyoweza kuzimika ghafla, njia ya zamani ibaki.

Niliisoma sentensi hiyo. Mtu akiwaambia Shirima hakuiona, mkatalieni. Nilijua betri zetu zimechoka. Nilijua baridi ya Nainokanoka inaweza kukizima kishikwambi kinachoonyesha bado kina nusu ya chaji. Lakini nilikijaribu mezani kwangu, kimechomekwa ukutani, kikaenda kwa kasi ile, nikafurahi. Nikachagua fungu kubwa kuliko yote. Nikavisasisha vyote siku moja.

Wauguzi walinishukuru. Felista alipita ofisini na mkungu wa ndizi. "Leo umetukumbuka," akasema.

Miezi miwili baadaye, wiki ya kliniki ya Kakesio, gari letu lilikatika springi likawa gereji. Mtu mwingine angeahirisha. Felista alijua watoto wa kule walikuwa wamekosa mzunguko uliopita kwa sababu ya barabara, kwa hiyo alipanda lori la wafanyabiashara waliokuwa wakienda mnadani, na kibeba chanjo chake mapajani. Alichanja. Watoto hawakuwa wengi, hawakufika idadi ya fungu nililoweka. Kishikwambi kikazimika kabla hajafunga programu. Akarudi na lori lile lile siku ya pili, akakiweka mezani kwangu.

"Kimekufa njiani, kichajie."

Nilikichaji. Kikawaka vizuri kabisa, hakikuonyesha kosa lolote. Siku ya Kakesio haikuwemo. Hakuwemo hata mtoto mmoja.

Wakati huo mjini kulikuwa na maneno kwamba kuna watu wanauza chanjo. Dozi zilikuwa zimetoka kwenye friji. Vichupa vitupu alivirudisha, lakini kichupa kitupu hakisemi dawa ilimwendea nani. Gari la ofisi halikwenda, kwa hiyo hakukuwa na dereva wa kushuhudia, na wale wenye lori hakuwajua hata majina. Mratibu wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituita ofisini kwake mimi na Felista.

"Nilichanja," Felista alisema. "Nimekaa pale kuanzia saa tatu mpaka saa tisa."

"Mbona hakuna kitu?"

"Sijui. Mwulizeni Mzee Shirima."

Mratibu akanigeukia. "Mzee, inawezekana mtu akaandika watoto siku nzima halafu wasionekane?"

Nimeisikia sauti yake akiuliza swali hilo mara nyingi sana tangu wakati ule. Sentensi ya mwisho wa aya ilikuwa kichwani mwangu mahali fulani. Siwezi kuwaambia kwamba ilinijia nikaificha, wala siwezi kuapa kwamba haikunijia. Nilichokijua wazi ni kwamba mfumo ule ulikuwa wangu.

"Haiwezekani," nikasema. "Mfumo haupotezi kitu."

Felista hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Kila mtoto ana kadi yake ya kliniki. Nimeandika na kutia sahihi kwenye kila kadi. Twendeni Kakesio mkaziangalie."

Mratibu akanitazama tena, kana kwamba mimi ndiye mwenye barabara. Masika yalikuwa yameanza, gari bado lilikuwa gereji, ripoti ilitakiwa Ijumaa. Nikasema kadi mtu anaweza kuziandika baadaye. Nilisema hivyo, mimi niliyefundishwa na Mzee Ombay.

Alipewa barua ya kuachishwa kazi wiki iliyofuata. Akarudi Mang'ola kwa mume wake kulima vitunguu.

Muuguzi aliyetumwa Kakesio baada yake alikuta akina mama wengi wanakataa. Walimwambia watoto wameshachanjwa. Akaandika kwenye ripoti kwamba wazazi wanagomea chanjo, wanahitaji elimu. Ripoti ile niliiingiza kwenye mfumo kwa mkono wangu. Nikaiweka kwenye chati, rangi nyekundu.

Miaka miwili ikapita, likaja toleo jingine la ile hifadhidata. Nikaanza kusoma maelezo, saa nne asubuhi, chai imekuja. Chini ya maboresho waliandika kwamba kuandika kwa mafungu sasa kutajizima kwenyewe betri ikishuka, kwa sababu watumiaji kadhaa wametoa taarifa kwamba vifaa vilizimika ghafla na maingizo ya siku nzima yakapotea bila dalili yoyote.

Chai ilipoa. Nikaenda stoo nikachukua kishikwambi cha zamani chenye toleo lile. Nikaandika watoto wa kubuni, nikawapa majina ya ndugu zangu wa Moshi. Halafu nikakizima kwa nguvu bila kufunga programu. Kilipowaka, hakukuwa na mtu. Nikarudia. Nikarudia tena.

Nikampigia Agripina, muuguzi wa Nainokanoka, nikamuuliza kama kuna siku watoto walimpotea kwenye kishikwambi.

"Mbona mara nyingi," akajibu. "Kikizimika kwa baridi nawaandika upya kutoka kwenye kikaratasi changu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee, baada ya yale ya Felista, nani angekuambia mfumo unapoteza?"

Hapa ndipo ningependa kuwaandikia kwamba nilinyanyuka nikaenda kwa mratibu. Sikwenda. Niliweka toleo jipya kwenye vishikwambi vyote, na kwenye kitabu cha matengenezo nikaandika maneno matatu: maboresho ya kawaida. Mkitafuta mtayaona, mwandiko ni wangu. Ilikuwa imebaki miezi kumi na moja nistaafu. Nilijiambia kwamba Felista ameshazoea shamba. Nilijiambia kwamba nikisema, rekodi zote za miaka miwili zitatiliwa shaka na wafadhili watauliza. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilisikika vizuri. Ukweli ni kwamba niliogopa sherehe yangu ya kuagwa isije ikawa kimya. Ikawa sherehe nzuri kweli. Mlinipa blanketi na saa ya ukutani, mratibu akasema katika miaka yangu yote data haikupotea. Mlipiga makofi. Nilishindwa kumaliza chakula, na mama mmoja wa jikoni akauliza kama pilau lina kasoro.

Wiki ya pili baada ya hapo nilipanda gari la watu hadi Endulen, nikapata pikipiki ya kwenda Kakesio. Mhudumu wa afya wa kijiji alinipeleka boma kwa boma akinitafsiria. Kwenye boma la kwanza, mama mmoja aitwaye Nasieku alitoa kadi ya mtoto wake kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kadi ilikuwa safi. Tarehe ilikuwa ile ile, chanjo zote zimeandikwa, na chini sahihi ya Felista yenye F kubwa iliyojipinda. Niliona kadi kumi na nne kabla ya jua kuwa kali, nikaacha kuhesabu.

Nasieku akaniuliza kitu, mhudumu akatafsiri: "Anauliza, yule Felista aliumwa?"

"Hapana. Hakuumwa."

"Anasema walimwambia muuguzi aliyekuja baadaye kwamba Felista ameshawachanja watoto. Yule akaandika kwamba wao ni wakaidi."

Niliomba ruhusa kupiga picha kadi, wakaniruhusu.

Nilimkuta Felista Mang'ola, kando ya mfereji, akiwa na wanawake wengine wanakata majani ya vitunguu na kuvipanga kwa ajili ya lori. Alinitambua toka mbali lakini hakuacha kukata. Nilipofika akanisalimia shikamoo kama zamani, na hiyo shikamoo ilinichoma.

Nilimweleza nimesimama, kofia mkononi. Toleo, mafungu, betri, sentensi niliyoisoma. Nikamwonyesha picha za kadi kwenye simu. Alizitazama moja moja, muda mrefu, akaigusa ya mwisho kwa kidole chenye udongo.

"Huyu ni wa Nasieku," akasema. "Alilia sana." Halafu akanirudishia simu. "Ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo nilikuwa nimelikwepa njia nzima.

"Mwaka jana. Miezi kumi na moja kabla sijastaafu."

Wale wanawake wengine walikuwa wameacha kukata. Felista alifuta kisu kwenye kanga.

"Si wewe uliyenifukuza, Mzee Shirima. Lakini ni wewe uliyeulizwa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa naongoza kwaya pale kigangoni. Nimeacha. Kila nikisimama mbele naona watu wananong'onezana, wananiita muuza chanjo. Mwanangu wa pili alipigana shuleni kwa sababu ya neno hilo."

Nikamwambia nitaandika barua kwa mratibu, nitaambatanisha picha zote.

"Andika. Ila barua haitasomwa hapa. Njoo Jumapili uwaambie kwa mdomo."

Barua niliiandika siku ile ile, na mratibu, nampa haki yake, hakuchukua hata wiki. Alisafisha jalada la Felista na kumwandikia kuomba radhi, akamwomba arudi kwenye nafasi yake. Mimi hakunijibu. Ninyi mnaofanya kazi naye mtajua zaidi.

Jumapili nilikwenda Mang'ola. Baada ya matangazo katekista aliniita mbele, akasimama pembeni yangu kunitafsiria kwa Kiiraqw, maana bibi wengi pale hawakisikii Kiswahili vizuri. Nilisema jina langu na kazi niliyofanya. Nilisema Felista alikwenda Kakesio kwa lori na akachanja watoto wote, na mimi nimeziona kadi. Nilisema kifaa nilichokiweka mimi ndicho kilichopoteza majina yao, na kwamba nilipoulizwa nilisema haiwezekani. Katekista alikuwa akitafsiri sentensi kwa sentensi, sauti imetulia.

Nikasema, "Na nilipogundua ukweli, nilikaa nao miezi kumi na moja bila kumwambia mtu."

Katekista hakutafsiri. Aliinama kidogo upande wangu, akanong'ona, "Hilo nalo niseme?"

"Liseme."

Akalisema. Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akaguna, akageuka nyuma kumtazama Felista, na wengine nao wakageuka.

Baada ya ibada watu walimzunguka pale nje. Walikuwa wanampa mkono mmoja mmoja, wengine wanamshika kichwa, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa analia waziwazi. Mimi nilisimama kwenye pikipiki niliyokuja nayo. Hakuna aliyenisogelea, na sikutegemea.

Dereva alipowasha, Felista akaja. Alikuwa amevaa sare ya zamani ya kwaya, imembana kidogo mabegani.

"Nilidhani ile ya miezi kumi na moja utairuka," akasema.

"Nilitaka kuiruka."

Akatikisa kichwa, taratibu. "Barua ya ofisi nimeipata. Wanasema nafasi yangu ipo."

"Utarudi?"

Alitazama mashamba ng'ambo ya barabara, lori moja lilikuwa linapakia magunia.

"Mwaka jana ningerudi," akasema, akageuka kuwafuata wenzake.